Neno Lisikike: Kurekodi Demo ya Wimbo Nyumbani kwa Pesa Kidogo

Nyumbani kwetu Sange kuna faili moja ya sauti ambayo imeigawa familia. Ina urefu wa dakika 2 na sekunde 40. Ndani yake mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, anaimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya watu waliokufa jioni ya tarehe 2 Julai 2010. Wasomaji wa Kivu ya Kusini wanaikumbuka tarehe hiyo. Lori la mafuta lilipinduka katika mji wetu, kando ya barabara ya taifa namba 5, mafuta yakamwagika, kisha yakalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamesogea kuchota mafuta. Wengine walikuwa wamekaa katika vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia.

Katika kiitikio, marehemu anazungumza na mama yake. Nusu ya familia inasikia "Mama, usinifute", yaani usinitoe katika kumbukumbu, usiniache nifutike kama maandishi ya chaki. Nusu nyingine inasikia "Mama, usinisute", yaani usinilaumu, usiseme nilikufa kwa tamaa ya petroli. Maneno yote mawili yanaingia katika wimbo, na yote mawili yanauma. Mama mkubwa aliimba katika korali ya kanisa miaka mingi na alikijua Kiswahili cha vitabu. Aliyafahamu yote mawili. Alifariki kabla ya yeyote kati yetu kujua kwamba kulikuwa na swali la kumwuliza.

Makala haya yanaeleza namna ya kurekodi demo ya wimbo nyumbani kwa pesa kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si fundi wa sauti, na nimejifunza kazi hii kwa sababu ya konsonanti moja iliyopotea. Kwa hiyo kila shauri nitakalotoa lina shabaha moja: neno lisikike. Mengine yote, kama vile besi nzito, ngoma na mapambo, yana wakati wake na mahali pake, na mahali hapo si demo.

Demo ni kitu gani

Demo ni rasimu ya wimbo. Haiuzwi wala haipigwi redioni. Unaitengeneza ili mtu mwingine aujue wimbo wako: kiongozi wa korali atakayewafundisha waimbaji, mpiga gitaa atakayetafuta ufunguo, fundi wa studio atakayekupangia bei, au wewe mwenyewe miaka kumi ijayo. Kipimo chake ni rahisi. Mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo huo, asikilize mara mbili, kisha aandike maneno. Akiyaandika sawasawa, demo yako imefaulu hata kama kuku amewika katikati. Akikosea, imeshindwa hata kama gitaa linalia kama dhahabu.

Mimi nilishindwa mtihani huo mara ya kwanza. Nilimpelekea kiongozi mmoja wa korali hapa Bukavu wimbo wa binamu yangu, nikijivunia gitaa lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua visikizi, akaniambia: "Mwanangu, gitaa nimelisikia vizuri. Sasa niambie, wimbo unasema nini?"

Tukumbuke pia kwamba kurekodi sauti hakukuwa rahisi kwa waliotutangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti zao ziingie katika sahani za santuri. Leo mwanafunzi anayepanda teksi kutoka Kamanyola ana mfukoni chombo kinachoweza kurekodi. Kinachomkosa mara nyingi ni kujua chombo hicho kinasikiaje.

Konsonanti yetu ilipotelea wapi

Faili ya mama mkubwa ilirekodiwa na mdogo wangu kwa simu ndogo ya vitufe. Nilipoanza masomo ya fonetiki nilijifunza kutumia Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huchora sauti ili uione kwa macho. Niligeuza faili ile iweze kufunguka humo, nikatazama. Chini palikuwa na mistari mizuri ya irabu. Kuanzia hezi 4,000 kwenda juu palikuwa peupe kabisa, kama karatasi isiyoandikwa.

Sababu yake ni hii. Simu nyingi za aina ile huhifadhi sauti kwa kuipima mara 8,000 kwa sekunde, na kanuni ya upimaji inasema kwamba huwezi kuhifadhi mtetemo unaozidi nusu ya idadi ya vipimo. Nusu ya 8,000 ni 4,000. Kwa irabu hiyo inatosha. A, e, i, o na u zinajitambulisha chini ya hapo. Lakini nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000, na mara nyingi hupanda hadi 8,000 na zaidi. F ni pumzi dhaifu iliyotawanyika. Ukikata kila kitu kilicho juu ya 4,000, s inapoteza alama yake kubwa, na kinachobaki ni mvumo mdogo unaofanana sana na f. Ndiyo maana tukitaja jina kwa simu husema "S ya Sange" au "F ya Fizi". Saa na faa, sana na fana, suta na futa: katika simu ile jozi hizo zinakaribiana mno.

Mambo mengine mawili yalimaliza kazi. Simu ilikuwa imewekwa juu ya meza, hatua tatu kutoka kwa mwimbaji, na mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Kile kidogo cha s kilichosalia kilifunikwa na mwangwi wa nyumba na pikipiki iliyopita. Hivyo makosa yalikuwa matatu, na hakuna hata moja ambalo kulirekebisha kungegharimu zaidi ya dola chache.

Chumba na saa

Anza na chumba, kwa kuwa ni bure. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 1.7 mbele yako hukurudishia sauti yako baada ya sehemu 10 tu za elfu moja za sekunde. Sikio halisikii hapo mwangwi unaojitegemea. Linasikia neno lililotiwa ukungu. Ukuta wa saruji usio na kitu na bati lisilo na dari hurudisha karibu kila kitu.

Dawa yake ni vitu laini na vizito. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa mikrofoni inamtazama yeye na inasikia pia ukuta ulio nyuma yake. Tundika blanketi mbili pembeni. Magunia ya mpunga au mahindi yaliyopangwa ukutani ni mazuri sana, na kwetu katika bonde la Ruzizi hayakosekani baada ya mavuno. Kitenge kimoja chepesi hakisaidii. Kikunje mara nne au tumia blanketi. Kujua kama chumba kiko tayari, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, ongeza vitu. Kofi likifa mara moja, imba.

Baada ya chumba, chagua saa. Sange ina kelele zake kwa ratiba. Alfajiri ni majogoo. Mchana jua la bonde linapasha mabati, nayo yanapotanuka hulia ta, ta, na kila mlio unaingia katika rekodi. Alasiri upepo unainuka. Jioni jenereta za vibanda vinaanza, na usiku vyura wa mashamba ya mpunga hawana adabu kwa msanii yeyote. Mvua ikigusa bati, funga kazi. Mimi nimepata amani kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na wakubwa shambani. Kila mtaa una saa yake. Kaa kimya ndani ya chumba siku mbili tatu, usikilize, uandike.

Vifaa vyangu

Nilikuwa na dola 15 nilizobakiza katika pesa ya chumba. Katika soko la Kadutu nilinunua mikrofoni ndogo ya kubana kolani kwa dola 6, visikizi vya waya kwa dola 2, na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 kwa dola 5. Dola 2 zilizosalia zilikwenda kwa mwenye paneli ya sola anayechajisha simu za watu. Simu nilikuwa nayo tayari, ya kawaida, yenye kioo kilichopasuka.

Angalia jambo moja unaponunua mikrofoni ya waya. Tazama chuma cha kuchomeka. Ile ya simu huwa na pete 3 nyeusi. Yenye pete 2 imetengenezwa kwa kamera, na simu nyingi haziitambui, hivyo utadhani unarekodi kwa mikrofoni mpya kumbe simu inatumia ya kwake. Kuhakikisha, anza kurekodi kisha kwaruza mikrofoni kwa kucha. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, haijaingia. Kama simu yako haina tundu la duara, utahitaji kiunganishi cha tundu la kuchajia.

Kama huna hata hizo dola 6, usiache kurekodi. Mikrofoni ya simu ya siku hizi inaweza kufanya kazi nzuri ikiwekwa karibu, katika chumba kilichotulia. Jua tu iko wapi: mara nyingi ni tundu dogo chini, karibu na mahali pa kuchaji. Watu wengi huielekeza simu kinyume au hulifunika tundu hilo kwa kidole.

Umbali

Kama utakumbuka neno moja katika makala haya, likumbuke hili: umbali. Kila unapoongeza umbali maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani hupungua karibu desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba haupungui kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kusogea nyuma hakupunguzi sauti tu. Kunabadilisha uwiano, neno linashuka na chumba kinapanda. Mwimbaji aliye hatua tatu kutoka kwa simu amerekodi chumba chake, naye yumo ndani kama mgeni.

Umbali mzuri wa sauti ya mtu ni shibiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, karibu sentimita 20. Ukikaribia zaidi ya hapo utakutana na tatizo la p na b. Weka kiganja mbele ya midomo useme "papa, pombe, pole". Umesikia upepo? Upepo huo ukigonga mikrofoni hutoa kishindo kinachofunika silabi. Dawa zake ni mbili. Kwanza, weka mikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, usawa wa shavu, kwa kuwa upepo huenda mbele moja kwa moja ilhali sauti husambaa pande zote. Pili, kunja waya uwe duara, uvalishe soksi nyembamba na safi, uusimamishe sentimita tano mbele ya mikrofoni. Soksi inavunja upepo na kupitisha sauti.

Ukirekodi gitaa na sauti kwa mikrofoni moja, pima uwiano kwa miguu na viti. Kinanda au gitaa likizidi, usimwambie mpigaji apige kwa woga. Msogeze nyuma nusu hatua. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki, alizoea kushika mikrofoni kwa mkono na kuisogeza mahali wimbo ulipoihitaji. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, alimrekodi kijana mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, na "Masanga" yake ikajulikana mbali kuliko Katanga. Gitaa lilikuwa moja. Kilichofanya kazi ni ufundi wa Mwenda na mikrofoni iliyowekwa mahali pake.

Kiwango

Kabla ya kurekodi, mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, si ile ya mwanzo ya upole. Tazama kipimo katika programu. Vilele viwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Kipimo kikigusa nyekundu, kichwa cha wimbi kimekatwa, na kilichokatwa hakirudi kwa dawa yoyote. Sauti ndogo unaweza kuikuza baadaye, iliyopasuka huwezi kuishona.

Jihadhari na programu ya kurekodi iliyokuja na simu. Nyingi hurekebisha kiwango zenyewe: mwimbaji akinyamaza zinainua kelele ya chumba, akipaza sauti zinamkandamiza, nawe unasikia wimbo unapumua kama mgonjwa. Baadhi husafisha kelele kwa nguvu, na kwa kuwa s na f ni kelele kwa maumbile yake, husafishwa pamoja na takataka. Tafuta katika mipangilio sehemu ya kuzima marekebisho hayo. Ikikosekana, tumia programu nyingine ya bure. Kwa simu wengi hutumia BandLab. Kwa kompyuta kuna Audacity, iliyotolewa bure tangu mwaka 2000.

Faili

Chagua WAV, vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia moja. Kwa vipimo 44,100 unahifadhi hadi hezi 22,050, yaani karibu kila kitu ambacho sikio la kijana linaweza kusikia, na s yote imo. Dakika moja hula karibu megabaiti 5.3. Wimbo wa mama mkubwa ungekuwa na uzito wa megabaiti 14. Faili tuliyonayo haifiki kilobaiti 300. Tofauti hiyo ndiyo iliyommeza shahidi wetu.

Najua bei ya intaneti. Ndiyo maana nasema faili mama ibaki WAV katika kadi, na unayoituma iwe nakala. Ukiigeuza kuwa FLAC inapungua uzito, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kupoteza chochote. MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde inapoteza kidogo, lakini neno linasikika vizuri. Usitume wimbo kwa kubonyeza kitufe cha ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa huubana sana ili usafiri haraka. Itume faili kama hati, ifike kama ilivyotoka. Na usifute WAV baada ya kutengeneza MP3. Ukibana nakala ya nakala, kila safari inaacha kitu njiani.

Tabaka mbili zinatosha

Baada ya kuzoea utataka kurekodi gitaa kwanza, kisha sauti juu yake. Ni jambo zuri, maana sauti inapata mikrofoni na umbali wake yenyewe. Sharti ni visikizi. Ukisikiliza gitaa kwa spika ya simu huku ukiimba, gitaa linaingia mara ya pili katika mikrofoni na kufunika maneno. Tumia visikizi vya waya. Vile vya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu 100 za elfu moja za sekunde, na mwimbaji atakuwa nyuma ya gitaa bila kuelewa kosa liko wapi.

Usipite tabaka tatu au nne. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa kinasa cha kaseti chenye njia nne kilichoitwa Portastudio. Januari 1982 Bruce Springsteen alikaa nacho nyumbani New Jersey, akarekodi nyimbo mpya ili kuionyesha bendi yake. Bendi ilijaribu kuzipiga studioni, lakini hazikufikia uzito wa kaseti ile, na mwishowe kaseti yenyewe ikatolewa kuwa albamu, "Nebraska". Sikuahidi, msomaji, kwamba demo yako itakuwa albamu. Nasema tu kwamba njia nne zilimtosha mtu aliyeweza kulipia studio yoyote aliyotaka.

Sema kabla ya kuimba

Hatua ifuatayo haimo katika mafunzo ya mafundi wa muziki. Nimeichukua kwa watafiti wa lugha. Kabla ya kuimba, bonyeza kitufe useme: jina la mtunzi, jina la mwimbaji, mahali, tarehe, na lugha ya wimbo. Kisha soma maneno yote polepole, kwa sauti ya mazungumzo, bila kuimba. Ndipo uimbe. Dakika moja inatosha.

Faida yake ni kubwa hasa kwa lugha zetu. Wimbo huvuta irabu na kupandisha au kushusha silabi kufuata tuni. Katika Kiswahili hasara ni ndogo, kwa kuwa toni haibadilishi maana ya neno. Lakini ubeti wa mwisho wa mama mkubwa uko katika Kifuliiru, lugha yenye toni na yenye tofauti kati ya irabu fupi na ndefu. Hata jina lake huandikwa kwa i mbili. Silabi ikiinuliwa na tuni, msikilizaji hana hakika kama imeinuliwa na lugha au na wimbo. Maneno yaliyosemwa yanatunza toni na urefu. Maneno yaliyoimbwa yanatunza tuni. Demo iwe na yote mawili. Kwa sababu hiyohiyo, usitie kwenye demo programu ya kunyoosha sauti. Inaweza kulainisha kitu ambacho mtunzi alikikusudia.

Pia muulize mwimbaji, hasa mzee, demo inaweza kusikilizwa na nani. Jibu lake lirekodiwe. Wimbo wa msiba si wa kila sherehe.

Nakala tatu

Faili moja ni faili ambayo bado haijapotea. Weka nakala tatu: moja katika simu, moja katika kadi inayotolewa na kuhifadhiwa mbali na simu, na moja kwa mtu anayeishi mji mwingine. Sisi wa bonde la Ruzizi tunajua kwa nini nasema mji mwingine. Mtu anapohama nyumba usiku hachagui kadi za kumbukumbu. Ipe faili jina linaloeleweka, lenye wimbo, mwimbaji na tarehe. Jina lenye tarakimu tupu ambalo simu imelitunga halitamsaidia atakayeikuta.

Tulichokifanya

Likizo iliyopita nilirudi Sange na vifaa vyangu vya dola 13. Tulisimamisha godoro, tukatundika blanketi, tukafunga mlango wa barabarani. Binamu yangu, binti wa mama mkubwa, aliimba wimbo wa mama yake. Tulirudia mara nne. Mara ya pili pikipiki ilitukatisha, mara ya tatu alilia, nasi tukasubiri. Ya nne ndiyo tuliyoitunza.

Ilipofika sehemu ya kusema maneno kabla ya kuimba, tulisimama kwenye kiitikio. Aseme lipi? Wajomba walikuwa nje wakisubiri, kila mmoja na upande wake. Nilikuwa nimewaeleza habari ya hezi 4,000, na mjomba mkubwa alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Kwa hiyo mashine yako pia haijui." Ni kweli, haijui. Praat inaonyesha mahali ambapo neno lilikuwa, haiwezi kulirudisha.

Mwishowe binamu yangu alisema yote mawili. Katika rekodi unamsikia akitaja jina la mama yake na tarehe, kisha anasema kwamba katika faili ya kwanza neno hili halisikiki, kwamba wengine wanasema usinifute na wengine usinisute, na kwamba yeye ataimba usinisute kwa sababu ndivyo alivyolisikia jikoni alipokuwa msichana. F na s zote mbili zimo, kila moja mahali pake, na mtu yeyote atakayeifungua faili ile atazitofautisha.

Nilimpelekea kiongozi yule wa korali nakala. Baada ya siku mbili alinirudishia maneno yote yameandikwa kwa mkono, bila kosa hata moja, hadi ubeti wa Kifuliiru aliousaidiwa na jirani. Chini yake alikuwa ameandika swali moja tu: waimbaji wake waanze kujifunza lini.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeimba, usingoje studio. Kesho asubuhi, saa ile mtaa unapotulia, funga mlango, simamisha godoro, pima shibiri moja. Mwombe aseme kwanza, kisha aimbe. Halafu, angali amekaa hapo, msikilizishe, umwulize kila neno usilolisikia vizuri.